Maneno Yaliyokuja na Vitu

Hapa kwetu Ushongo watoto wengi huogopa Kiingereza. Twauliza, Je, wazee wetu wa pwani walijifunzaje maneno ya wageni? Wareno walifika mwaka 1498. Walipopoteza ngome ya Mombasa mwaka 1698, meza na leso zilibaki nyumbani mwetu, na majina yake vinywani mwetu. Wajerumani walituachia neno shule. Waingereza, waliotawala mpaka 1961, walituachia baiskeli, koti na blanketi. Hakuna aliyeketi kuyakariri: mkono ulishika kitu, ulimi ukafuata.

Basi sisi waalimu na tufanye vivyo hivyo darasani. Tulete ndoo, kamba na wavu, watoto wavishike na kuvitaja kwa Kiingereza. Tufungue duka la mchezo, huyu auze, yule anunue. Mmoja aamuru mlango ufunguliwe, mwenziwe atende. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto asiye na maneno huketi huko kama bubu, ijapokuwa ana akili. Maneno matano kwa siku, yakitumika, yatamfaa kuliko hamsini yaliyokaririwa usiku mmoja.