Vanila ya Bourbon si pombe, lakini isome chupa

Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, nilirudishiwa majagi mawili ya maziwa ya vanila kutoka nyumba ya harusi. Mama mwenye shughuli alikuwa amepita jikoni kwangu asubuhi yake, akaona kichupa mezani kimeandikwa "Bourbon". Akaniuliza, "Mwanangu, hii si tembo ya Wazungu?" Nikamwambia la, mama, hilo ni jina la kisiwa. Hakusema neno, lakini jioni majagi yakarudi vile vile yalivyokwenda.

Nilikasirika, nisifiche. Usiku nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa: kileo asilimia 35. Basi kwa jina nilikuwa na haki mimi, kwa chupa alikuwa na haki yeye.

Tuanze na jina. Kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagascar, zamani Wafaransa walikiita Bourbon, kwa jina la ukoo wao wa kifalme. Vanila yenyewe asili yake ni Mexico. Ilipopelekwa Bourbon mwanzoni mwa karne ya 19 ilitoa maua bila kuzaa, kwani wadudu wa kwao wa kuyachavusha hawakuwako. Aliyefumbua fumbo ni mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, mwaka 1841. Alitumia kijiti na kidole gumba kuunganisha dume na jike la ua, na mpaka leo wakulima hufanya hivyo hivyo, ua baada ya ua, asubuhi, maana ua halikai zaidi ya siku moja. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 akawa huru. Alikufa mwaka 1880, fukara, na huku kazi ya mikono yake imeshatajirisha wengine. Kutoka hapo kilimo hicho kikaenea Madagascar na Ngazija, ambako wengi wetu wa Mombasa na Lamu tuna jamaa. Wazee wetu waliiita lavani, neno lililotoka kwa Kifaransa. Vanila ya visiwa hivyo ndiyo inayoitwa Bourbon.

Pombe iitwayo bourbon ni kitu kingine. Hiyo ni wiski ya Marekani, ya mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikilazwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani. Mti ule ukiungua hutoa vanilini, ambayo ndiyo harufu kuu ya vanila. Kwa hiyo majina yamefanana na harufu nazo zimekaribiana, na anayechanganyikiwa si mjinga.

Mpwa wangu alipotafuta maneno hayo kwa simu, alichokutana nacho mwanzo ni maelezo ya Wamarekani wanaojitengenezea majumbani pombe nyeusi iitwayo porter. Jina hilo limetoka kwa mahamali wa London, waliokuwa wakiipenda katika karne ya 18. Hupasua maganda mawili hivi ya vanila, huyaroweka kwa bourbon kama wiki moja, kisha humimina ndani ya pipa la lita 19 pombe ikishamaliza kuchacha. Hawaichemshi, maana moto hupeperusha harufu. Huonja kila siku, wakatoa maganda ladha inapotosha. Pombe yao tuwaachie wenyewe. Lakini kanuni ya kuroweka kwa muda, kuepuka moto mkali na kutia mwishoni inatufaa na sisi.

Sasa chupa. Penye neno "extract" tarajia kileo: sheria ya Marekani inataka kisipungue asilimia 35. Penye "essence" au "flavouring" mara nyingi ni vanilini ya kiwandani, na majimaji yake yaweza kuwa maji, kileo, au propylene glycol, ambayo hailevyi. Tafuta maneno "alcohol" na "ethanol" katika orodha ya vitu vilivyomo. Na usijidanganye kwamba moto huondoa kileo chote. Katika keki hubaki kidogo, katika maziwa baridi hakuna kinachoondoka. Kuhusu hukumu yake masheikh wametofautiana, muulize unayemwamini. Langu ni moja tu: mteja aambiwe kilichomo kabla hajanunua.

Mimi nimehamia kwenye maganda. Ni ghali, tusidanganyane, kwani katika viungo vyote ni zafarani tu inayoishinda bei kila mara. Lakini ganda moja zuri, laini, lenye mafuta, hufanya kazi kubwa. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zake, vitie vyote katika vikombe viwili vya maziwa ya moto yasiyochemka. Mafuta ya maziwa hushika harufu vizuri. Funika, yakipoa weka frijini mpaka asubuhi.

Kwa kinywaji cheusi natengeneza shira. Kikombe kimoja cha sukari nakiyeyusha sufuriani peke yake mpaka kishike rangi ya tende, kisha natia kikombe cha maji ya moto kidogo kidogo. Kaa mbali, hurukaruka na huunguza vibaya. Sukari ikishayeyuka tena naepua, natia ganda, nafunika, naiweka frijini siku mbili au tatu. Ladha yake ina uchungu wa mbali na kamoshi, kama ile wanayoitafuta wenye mapipa. Vijiko viwili katika gilasi ya kahawa chungu ya tangawizi iliyopozwa na barafu, utaniambia. Bibi yangu angefukiza na jagi kwa ubani kwanza, na nimejaribu: fukiza jagi kavu, lifunike kidogo, ndipo umimine. Ukizidisha moshi vanila hupotea.

Anayetaka ya kuweka kabatini aroweke maganda kwa glisarini ya kuliwa, miezi mitatu au zaidi, akitikisa mara kwa mara. Ahakikishe imetokana na mimea, maana iko ya mafuta ya wanyama.

Ganda likishatumika usilitupe. Lioshe, likaushe kivulini, lizike katika mkebe wa sukari. Baada ya wiki mbili sukari hiyo ndiyo ya kunyunyiza juu ya kaimati.