KURUDI NYUMBANI BAADA YA MAJI
Habari za Bunyala tangu zamani hata sasa



Kila mwaka katika kitabu hiki twatoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu Kamati imeona vema kutanguliza habari za zamani, kwa sababu swali moja limeulizwa mara nyingi mikutanoni: Ya nini kuwachangia watu wa Bunyala, ambao maji yakipungua hurudi pale pale yalipowafukuza? Swali hili si la dharau, maana wengi waulizao wana wazazi huko. Lastahili kujibiwa kwa mambo yaliyotukia.

Bunyala ni nchi ya chini, mahali mto Nzoia unapoingia katika Ziwa Victoria. Maji yake hutoka mbali, katika milima ya Cherangani na Elgon. Kwa hiyo mto waweza kufurika huku Budalang'i kukiwa na jua kali. Lakini mto huo huo huleta udongo wenye rutuba, na ziwa hutoa samaki. Mababu zetu hawakukaa pale kwa ujinga. Walijua kwamba maji yaharibuyo shamba mwaka huu ndiyo yatakayolistawisha mwaka ujao.

Wala maji hayakuwa adui peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kandokando ya ziwa, na wengi waliosalia wakahamia bara. Mashamba yakawa vichaka, na vichaka vikawa makao ya mbung'o. Aliyetaka kurudi ilimpasa kushika panga na shoka kwanza, ndipo ashike jembe.

Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa zilinyesha, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mashamba ya ufukoni yalimezwa, si kwa siku chache bali kwa miaka. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa kumwagilia mpunga Bunyala, na kati ya 1977 na 1984 Serikali ikajenga matuta ya udongo kuuzuia mto. Matuta hayo yalileta tumaini, na watu wakajenga karibu nayo. Lakini mto huteremsha mchanga na tope, na sakafu yake huinuka. Kwa hiyo tuta likivunjika, maji hushuka kwa nguvu juu ya wale waliolitegemea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, na tena baadaye. Mwaka 2020 mto na ziwa vilipanda pamoja, na ziwa likapita kimo cha 1964. Mara nyingi watu walilala juu ya tuta lenyewe, maana ndilo lililokuwa mahali pakavu.

Katika habari hizi zote twaona jambo moja ambalo halijaandikwa sana. Siku ya kuhama, misaada huja: unga, mablanketi, mahema na dawa. Maji yakishuka, malori nayo huondoka. Hapo ndipo taabu ya pili huanza. Mwenye nyumba hukuta kuta zimeanguka, kisima kimechafuka, choo kimejaa tope, na alama za mpaka zimechukuliwa na maji. Mihogo aliyoiacha ardhini imeoza, kwa kuwa haistahimili maji hata siku chache. Mbegu zilizokuwa ghalani ndizo alizozila juu ya tuta. Toka siku hiyo hata mavuno ya kwanza ni miezi kadhaa, na hana kitu mkononi. Basi huuza fahali wa kulimia, au hukopa nyavu kwa mfanya biashara na kumlipa kwa samaki, au humtoa mtoto shuleni. Mafuriko yajayo humkuta akiwa maskini kuliko alivyokuwa katika yale yaliyopita. Wengi wameshindwa na deni, si maji.

Kwa hiyo Kamati yaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo matatu. Kwanza, mfuko wa maafa ugawanywe nusu kwa nusu: nusu kwa siku ya kuhama, na nusu isiguswe hata siku ya kurudi. Pili, nusu hiyo ya kurudi inunue vitu vinavyozaa upesi: marando ya viazi vitamu, mbegu za mboga na mahindi ya muda mfupi, nyuzi za nyavu, pamoja na dawa ya kutakasa visima. Tatu, kila mwanachama aliye mjini aweke nakala za hati za shamba na vyeti vya shule vya jamaa zake, ili karatasi zisipotee na ghala, na mabishano ya mipaka yasiwagombanishe majirani waliookoana.

Kwa wale waulizao kwa nini watu hurudi, jibu letu ni hili: hurudi kwa kuwa pale ndipo penye makaburi yao, udongo wao na samaki wao, na kwingine wengi hawana hata pahali pa kuchimba shimo la nguzo. Watarudi, tukichanga au tusipochanga. Lililo mikononi mwetu ni kama watarudi na mbegu au watarudi na deni.

Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila tawi laombwa kutoa shauri lake.