Miaka 29 Kilimani Rabai



Katika Injili ya Luka, mlango wa 18, twasoma habari za mjane aliyekuwa akimwendea kadhi dhalimu kudai haki yake. Wengi wetu twaujua mfano huo tangu shule ya Jumapili, nasi twaupenda kwa kuwa mwisho wake ni mzuri: mjane alipata haki. Lakini mfano hautuambii alikwenda mara ngapi. Sisi twausoma kwa dakika mbili, naye labda alikwenda miaka.

Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyeitafsiri Injili hiyo ya Luka kwa Kiswahili katika nchi yetu hii. Jina lake Johannes Rebmann. Alikaa pwani yetu miaka 29, asirudi kwao hata mara moja. Lakini hatuwezi kumweleza Rebmann kabla ya kumtaja mwenzake aliyemtangulia, Johann Ludwig Krapf.

Krapf alikuwa Mjerumani, naye alitumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Kwanza alifanya kazi Ethiopia, na huko milango ikafungwa. Ndipo akashuka pwani yetu. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akampokea vema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Tarehe 8 Juni, kabla hata hajaijua lugha sawasawa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. (Kadhi huyo, twafurahi kusema, hakuwa kama yule wa mfano. Alikuwa Mwislamu, naye alimsaidia mgeni kwa wema.)

Mwezi mmoja baadaye homa ikaingia nyumbani. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai mama akafariki, na mtoto akamfuata baada ya muda mfupi. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata kusimama kwake ilikuwa shida. Wakawazika bara, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa.

Baada ya mazishi Krapf aliwaandikia wakubwa wake Uingereza. Mtu angetazamia barua ya kuomba arudishwe. Lakini yeye aliwaambia kwamba sasa liko kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, nao wajue kwamba saa ya kazi ya Injili upande huu imekaribia. Wako wanaosema kwamba hayo ni maneno ya mtu mwenye moyo mgumu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyempoteza mkewe na mtoto wake katika juma moja, huku homa inamtetemesha, hana maneno ya kujionyesha. Alikuwa akiomba kwa kalamu.

Rebmann alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, kijana wa miaka 26. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wote wawili walihamia Rabai, yapata kilomita 20 kutoka Mombasa, kwa watu ambao wakati ule waliitwa Wanyika, nasi leo twawaita Wamijikenda. Walipanda kilima kile bado wanyonge kwa homa. Wazee wa Rabai waliwapokea na kuwapa mahali pa kukaa. Jambo hilo lastahili kukumbukwa, maana mara nyingi twasimulia habari za wamishonari kana kwamba walikuja kwenye nchi tupu. Kama wazee wale wangekataa, historia yetu ingekuwa nyingine.

Lakini kupewa mahali pa kujenga si sawa na kusikilizwa. Ilipofika Jumapili watu wachache walikuja, na wengine wakataka kujua kwanza kama kuna chakula au tembo. Maneno matupu, walisema, yatawafaa nini? Tusiwacheke. Hata leo wako wanaokuja kanisani kutazama kwanza kitakachogawiwa.

Vitabu vya shule humtaja Rebmann kwa sababu ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona Kilimanjaro na theluji yake, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona mlima Kenya akiwa Kitui. Wasomi wengine wa Ulaya walikataa kuamini, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wamishonari wakasimama katika yale waliyoyaona kwa macho yao, na baada ya miaka kadhaa wasafiri wengine wakathibitisha. Lakini safari zile zilikuwa sehemu ndogo ya maisha ya Rebmann. Sehemu iliyobaki haikuandikwa sana katika vitabu vya shule, kwa kuwa hapakuwa na jambo la kusisimua. Alikaa kilimani. Aliamka, akafundisha wachache waliokubali, akauliza maneno, akayaandika. Mtu mmoja kutoka nchi ya ziwa Nyasa, jina lake Salimini, aliyekuwa mtumwa Mombasa, alimfundisha lugha ya kwao, na Rebmann akatengeneza kamusi yake.

Krapf na Rebmann hawakuwa na mawazo mamoja sikuzote. Krapf aliona kwa macho ya imani mstari wa vituo vya Injili kutoka Mombasa kuvuka Afrika yote hadi pwani ya magharibi, naye alitaka kwenda mbele. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kuchimba. Wote wawili walikuwa watu wa maombi, na bado walitofautiana. Twalitaja hili kwa sababu wako Wakristo wanaodhani kwamba watu wawili wakiomba kweli hawawezi kupishana katika mipango.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimshinda, akarudi Ulaya. Rebmann na mkewe Emma wakabaki. Mungu aliwapa mtoto, naye hakuishi ila siku chache. Mwaka 1857 Wamaasai walivamia upande ule, kituo kikaachwa, nao wakakimbilia Unguja kwa muda kabla ya kurudi kuanza tena. Mwaka 1866 Emma akafariki. Macho ya Rebmann nayo yakaanza kufifia.

Na mavuno? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, maskini, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Akafuata Abe Gunja. Baada yao ni wachache, na kwa miaka mingi ungeweza kuwahesabu Wakristo wa Rabai kwa vidole. Wengine walimlaumu Rebmann kwamba hana juhudi, au kwamba anadai mno kabla ya kumbatiza mtu. Labda lawama nyingine zilikuwa za haki. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika shauri la biashara ya watumwa, alifika pwani, akakuta kazi ndogo na mzee asiyeona vizuri.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka, kipofu. Kijana wa Kikristo wa huku kwetu, Isaac Nyondo, akasafiri naye kumwongoza hadi Ujerumani. Mwaka 1876 Injili ya Luka aliyoitafsiri ilipigwa chapa huko Ulaya. Mwenyewe hakuweza kuisoma. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, sote twaijua methali yetu: mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema, nasi hatutaki kuipinga. Lakini Rebmann alivumilia na hakula mbivu. Watu wa Rabai, ambao minazi ni mali yao tangu zamani, wanajua jambo hili kuliko sisi wa mahindi ya miezi minne. Mzee hupanda mnazi akijua kwamba wajukuu ndio watakaokwea. Hasemi kwamba amepoteza siku yake.

Katika miaka ile ile iliyoonekana mitupu, yalikuwa yakitendeka mambo ambayo Rebmann hakuyapanga. Watoto wa Kiafrika waliotekwa na wafanya biashara ya watumwa, kisha wakaokolewa baharini na meli za Kiingereza, walikuwa wamelelewa na kusomeshwa Nasik, nchi ya Bara Hindi. Baadhi yao walirudi Afrika na kufanya kazi Rabai, kati yao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka wa kuondoka Rebmann ndio mwaka kijiji cha Freretown kilipoanza kule Kisauni, kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka Jones na Semler katika ushemasi, Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono katika nchi yetu hii. Mwaka 1887 kanisa la mawe lilijengwa Rabai. Watumwa waliowatoroka mabwana zao walikuwa wakikimbilia kilima kile kile, wakitafuta mahali pa kujificha, na Jones akasimama upande wao ilipokuwa hatari. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru wao, baada ya mabwana kulipwa fidia.

Fikirini hayo. Rebmann aliwaombea watu wa Rabai wamjue Kristo. Mungu aliwaleta watu ambao Rebmann hakuwajua hata majina, wakajaa katika mahali alipopatunza. Kama yule mzee angefunga mlango mwaka 1857, au mwaka 1866 baada ya kumzika Emma, wakimbizi wale wangekimbilia wapi?

Hapa ndipo wengi wetu huuelewa vibaya mfano wa yule mjane. Twadhani Bwana Yesu alikuwa akitufundisha kumchosha Mungu mpaka akubali, kama vile mtu anavyomchosha karani ofisini. Lakini Bwana hakusema kwamba Mungu ni kama kadhi yule. Alisema kinyume chake: ikiwa hata dhalimu husikia, je, Baba mwenye upendo? Wala hatuoni kwamba mjane alizidisha sauti kila alipokwenda. Alirudi tu. Kesho yake alijifunga kanga yake akarudi tena, na ombi lilikuwa lile lile.

Siku hizi wako wanaotuahidi kwamba tukiomba kwa nguvu, au tukitoa sadaka kubwa, jibu litafika kabla ya Jumapili ijayo. Na lisipofika twaambiwa imani yetu ni ndogo. Twawauliza watu hao: imani ya Rebmann ilikuwa ndogo? Rosine aliyekufa kwa homa, imani yake ilikuwa ndogo? Mafundisho ya namna hiyo yamewavunja moyo wagonjwa wengi na kuwaachia deni juu ya ugonjwa.

Twajua kwamba kati yenu mnaotusikiliza yuko mama anayemwombea mumewe aache pombe, naye ameomba mpaka watoto wamekua na kuoa. Yuko baba ambaye mwanawe alikwenda mjini na haandiki. Wako wawili waliooana zamani na hawajapata mtoto, na jamaa wameanza kusema. Hatutawaambia jibu litakuja lini, maana hatukupewa kujua. Wala hatutasema kwamba litakuja kwa namna mnayoitaka. Krapf aliomba apewe Afrika nzima, akapewa kaburi kwanza. Ila twaweza kuwaambia kwamba siku ambazo hamhisi kitu mkiomba, mkawa mnasema tu maneno yale ya jana kwa ulimi mkavu, siku hizo nazo ni maombi. Rebmann alikuwa nazo nyingi, bila shaka. Akaendelea kuandika kamusi.

Krapf aliishi miaka mitano zaidi ya mwenzake. Alikuwa Korntal, mji mdogo wa Ujerumani, akishughulika na kamusi yake ya Kiswahili ambayo ilitolewa mwaka 1882. Hakuiona. Siku ya mwisho wa Novemba 1881 ilikuwa bado haijafika walipomkuta asubuhi moja amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Habari za Jones na Semler hakuzisikia, wala za kanisa la Rabai, wala za hati zile 1,400.

Na tuombe.

Ee Bwana, wakumbuke wote walio mlangoni pako tangu zamani. Mama yule anayeomba usiku huu wakati nyumba imelala, mpe nguvu ya kuamka kesho. Wazee wa Rabai waliowapokea wageni, na wageni waliolala katika udongo wa pwani yetu, twakushukuru kwa ajili yao. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.