Baharia aliyevunja lugha ikampa jina

MNAMO Julai 14, 1933, watazamaji wa sinema nchini Marekani walionyeshwa kibonzo kifupi, cha rangi nyeusi na nyeupe, kuhusu baharia mwenye jicho moja lililofumba, kiko mdomoni na mikono iliyofura chini ya viwiko. Kiliitwa Popeye the Sailor. Mhusika huyo hakupewa hata jukwaa lake mwenyewe, kwani kibonzo hicho kiliwekwa katika mfululizo wa Betty Boop, mwanadada wa vibonzo aliyekuwa akivuma enzi hizo. Nimekitazama tena wiki hii, si kwa ajili ya ngumi bali kwa ajili ya mdomo wa baharia huyo. Naona kina jambo la kutuambia sisi tunaoandika na kuhariri Kiswahili.

Kisa chenyewe ni chepesi. Popeye anatua bandarini, anamchukua mpenzi wake Olive Oyl, wanakwenda kwenye maonyesho ya burudani. Hasimu wake Bluto anamteka msichana na kumfunga kwenye reli huku gari moshi likija. Popeye anabugia spinachi (si mchicha wetu, ingawa mama wengi wa Kenya wametumia jina lake kuwalazimisha watoto kumaliza mboga), anampiga Bluto, kisha anaipiga ngumi garimoshi yenyewe ikasimama. Basi.

Ila baharia huyu hakuzaliwa kwenye sinema. Alizaliwa gazetini, katika vibonzo vya Thimble Theatre ambavyo E. C. Segar alikuwa akivichora tangu 1919. Vibonzo hivyo vilikuwa vimefikisha karibu miaka kumi bila baharia yeyote. Januari 17, 1929, wahusika wake walihitaji mtu wa kuwavusha hadi kisiwani, nao wakamkuta Popeye gatini. Alikuwa wa kupita tu, kama utingo anayeshikilia zamu ya siku moja, lakini wasomaji walimkatalia kuondoka. Wakati huo Olive alikuwa na mchumba mwingine, Ham Gravy, na maskini yule alisukumwa pembeni hadi akasahaulika.

Ni nini kilichowanasa wasomaji? Ngumi, ndiyo. Lakini wengi wa mabondia wa vibonzo wamesahaulika. Nashikilia kwamba ni usemi wake. Segar, mtu wa Chester, mji ulio kando ya mto Mississippi na mbali kabisa na bahari, aliamua kuandika maneno ya Popeye jinsi yanavyotoka kwenye kinywa cha mtu asiyeona mlango wa shule. Sauti zinadondoka, nyingine zinaongezwa, vitenzi havikubaliani na viima, maneno mawili yanagongana na kuzaa la tatu lisilo kwenye kamusi yoyote. Hebu fikiria mwandishi wetu aandike “zile watu” na “hii mtoto” gazetini kila siku, halafu mhariri anyamaze. Ndivyo ilivyokuwa. Na pamoja na sarufi hiyo iliyovunjika, Popeye ndiye mwenye msimamo na huruma kuliko wasemaji fasaha wanaomzunguka.

Sasa, studio ya ndugu Max na Dave Fleischer mjini New York ilipopata idhini ya kumtia kwenye filamu, ilikabiliwa na swali la kiisimu hata kama haikuliita hivyo. Tahajia mbovu husomwa kwa jicho. Je, inasikika vipi? Jibu la kwanza lilikuwa William Costello, mtumbuizaji mwenye sauti ya mkwaruzo kama jiwe la kusagia. Jibu la pili, na ndilo lililodumu, lilipatikana 1935. Jack Mercer alikuwa mchoraji wa ngazi ya chini katika studio hiyohiyo, na mazoea yake ya kumwigiza Popeye yalimpa kazi.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalofaa kuelezwa. Disney walizoea kurekodi sauti kwanza, kisha wachoraji wakaifuata. Fleischer walifanya kinyume: walichora kwanza, kisha waigizaji wakatazama picha na kusema. Matokeo yake ni kwamba midomo ya wahusika mara nyingi haikuchorwa ikitamka kitu, na hivyo kulikuwa na nafasi tupu kati ya tendo na tendo. Mercer aliijaza nafasi hiyo kwa kunung'unika. Vijineno, kejeli na mizaha ilimtoka chini kwa chini, mingi yake haikuwa kwenye mswada. Mtazamaji hushika nusu na kucheka, kisha hujiuliza nusu nyingine ilikuwa nini. (Mercer alipokwenda jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mae Questel, mwanamke aliyekuwa sauti ya Olive, alimwigiza pia Popeye katika filamu kadhaa. Wengi hawajui.)

Nakumbuka hapa marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi. Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo kiliwakusanya Wakenya mbele ya runinga kwa miaka mingi, ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Kwenye skrini tulimkubalia. Kwenye karatasi hatukubali. Soma tamthilia na riwaya zetu uone: mvuvi, makanga na profesa wote wanazungumza Kiswahili kimoja, kana kwamba wamehitimu darasa moja. Naelewa hofu ya wahariri. Vitabu hivi hutahiniwa, na mwanafunzi akiiga “zile watu” kwenye insha atapoteza alama. Lakini sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika ni vitu viwili, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ana akili ya kutosha kuzitofautisha akielekezwa. Tukimsafisha kila mhusika ulimi, tunamnyang'anya anakotoka.

Na usidhani lugha ya mzaha hubaki kwenye mzaha. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1933, Segar alimleta gazetini kiumbe mkubwa mwenye nguvu za kutisha, Alice, wa jamii aliyoiita “Goons”. Neno hilo lilikuwapo kabla yake ila yeye ndiye aliyelipa miguu. Kabla ya miaka ya thelathini kwisha, Wamarekani walikuwa wakiwaita hivyo majambazi waliokodiwa kuwapiga wafanyakazi katika migogoro ya vyama vyao. Leo fungua gazeti lolote la Kiingereza la humu nchini siku moja baada ya maandamano, utalikuta.

Tunapolileta kwa Kiswahili tunaandika “wahuni”. Mimi huona pengo. Mhuni katika kamusi kongwe ni mzururaji, mtu asiye na makao wala kazi maalumu. Hajatumwa na yeyote. Ndiyo maana waandishi makini huongeza “wa kukodiwa”, na wanafanya vyema. Alice alitokea akiwa mtumwa wa Sea Hag, mchawi wa baharini, akitenda alichoamrishwa. Segar, aliyekuwa na sikio kali kwa usemi wa kila mtu, hakumwandikia Alice neno hata moja linalosomeka. Ndani ya kiputo cha maneno yake alichora mikwaruzo mitupu.