Bia na Wimbo: Tarehe ya Kumbi za Muziki za London

Sheria ya mwaka 1843 ndiyo iliyozigawa starehe za London. Jumba lenye leseni ya tamthilia liliruhusiwa kuigiza, ila watazamaji wasinywe wala kuvuta tumbaku humo ndani. Mwenye baa aliruhusiwa kuuza bia na kuweka waimbaji, mradi asiguse tamthilia. Wenye baa hawakuumiza kichwa: walichagua bia.

Charles Morton alikuwa mmoja wao. Mwaka 1852 alifungua ukumbi nyuma ya baa yake, Canterbury Arms, mtaani Lambeth, kusini mwa mto Thames. Watu waliketi mezani wakila, wakinywa na kuvuta viko. Mshereheshaji aligonga meza kwa nyundo ya mbao, akamwita anayefuata: mwimbaji, mchekeshaji, mwanasarakasi, mtu wa mazingaombwe. Wanawake nao walikaribishwa. Waliozibeza kumbi hizi kuwa vijiwe vya walevi walisahau jambo moja: nyimbo za *Faust*, opera ya Gounod, zilisikika Canterbury mwaka 1859, miaka minne kabla opera yenyewe haijapanda jukwaani London.

Mwaka huohuo John Wilton alifungua ukumbi wake karibu na Whitechapel. Mwaka 1861 Morton akavuka mto, akafungua ukumbi wa Oxford katikati ya jiji.

Hapo ndipo nyota walipozaliwa. George Leybourne, fundi mitambo wa zamani, alivuma kwa wimbo wa kusifu shampeni, na mkataba wake ukamtaka aonekane mitaani ndani ya gari la farasi wanne. Wauza mvinyo walifurahi, maana tangazo lao lilikuwa linatembea. Alikufa mwaka 1884 akiwa na miaka 42, hana kitu.

Moto ulikuwa adui wa kumbi hizi. Ukumbi wa Wilton uliungua mwaka 1877. Mwaka uliofuata sheria ikadai cheti cha usalama wa jengo, na vikumbi vingi vya uani vikashindwa kumudu gharama, vikafungwa. Ukumbi wa Wilton uliishia mikononi mwa wamisionari wa Kimethodisti mwaka 1888. Sioni ajabu kwamba waliobaki ni wenye mitaji. Edward Moss na Oswald Stoll walijenga majumba ya fahari yenye viti vilivyopangwa safu kwa safu, maonyesho mawili kila usiku. Meza zikaondoka.

Wasanii nao wakaanza kuongezewa maonyesho ya mchana bila malipo. Mwaka 1907 waligoma. Marie Lloyd, mtoto wa Hoxton ambaye kwa mshahara wake angeweza kukaa kando, alisimama nao milangoni. Mwaka 1912 Mfalme George wa Tano alipoandaliwa onyesho maalumu kwenye ukumbi wa Palace, malkia huyo wa kumbi hakualikwa. Mizaha yake ilihesabiwa kuwa ya kihuni. Miaka miwili baadaye baraza la London likaamuru pombe itoke ukumbini, anayetaka kunywa aende chumba cha pembeni.