Saa janja au saa ya mshale? Kwanza ujue saa ilikujaje kwetu

Kila nikiweka picha mkono wangu ukionekana, swali ni lile lile: "Buda, saa ya mshale ni ya nini siku hizi? Si ununue saa janja?" Leo najibu. Lakini jibu langu halianzii dukani, linaanzia mbali kidogo, so vumilieni.

Kwanza tuelewane: wazee wetu hawakuwa watu wasiojua wakati. Mmaasai wa hapa Kaputiei alijua ng'ombe watoke bomani lini, wanywe maji lini na warudi lini, bila kuangalia mkono. Pwani nako watu walihesabu kuanzia jua linapochomoza. Ndio maana mpaka leo saa moja ya asubuhi ni ile saa ya kwanza ya mchana, haihesabiwi kutoka usiku wa manane. Neno lenyewe "saa" lilitoka Kiarabu, na sisi tunalitumia kwa muda na kwa kifaa pia.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Miaka ya 1910 ikachipuka ile njia ya kutoka Konza, kupitia Kajiado, hadi Magadi, kwa ajili ya kubeba magadi. Sasa treni haingoji ng'ombe wamalize kunywa maji. Treni ina ratiba, na ratiba inataka kila stesheni iwe na saa moja inayokubalika. Na hiyo saa iliamuliwa na serikali ya mkoloni. Kabla hatujatulia kwenye saa tatu mbele ya Greenwich, Kenya iliwahi kuwa mbele kwa saa mbili na nusu, na pia kwa saa mbili na dakika 45. Jua lilikuwa lile lile, ila mshale ulisogezwa kwa amri. Hapo ndipo saa ilipoanza kuwa sauti ya mkubwa.

Saa ya mkono nayo ina hadithi yake. Huko Ulaya, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaume alibeba saa mfukoni. Ya mkononi ilionekana pambo la wanawake. Lakini askari mwenye bunduki hana mkono wa kuchomoa saa mfukoni, so wakaanza kuzifunga mkononi, na vita vilipoisha hawakuzivua. Na msidhani vita hivyo vilikuwa vya mbali: Novemba 1914 watu walipigana Longido, hapo tu ukivuka Namanga.

Bei ilishuka baadaye. Krismasi ya 1969 kampuni ya Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi, inayotumia betri badala ya kutiwa ufunguo kila mara. Teknolojia hiyo ikaenea, na saa ikaacha kuwa mali ya tajiri peke yake. Mwaka 1989 ikaja Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo betri yake inakaa hata miaka saba. Kama baba yako hakuwa nayo, jirani alikuwa nayo.

Mwaka uliofuata, 1990, serikali ikaanzisha maeneo ya EPZ, na viwanda vikajengwa pale Athi River. Kitengela yetu ikafura kwa sababu watu walihitaji nyumba karibu na kazi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Saa yake ya mshale aliivua akioga tu. Alitoka nyumbani giza likiwa bado nje, kwa sababu geti la kazi halijui kuna foleni Namanga Road. Kwake saa ilikuwa kodi ya nyumba na karo yangu.

Simu za mkononi zilipoenea, wengi wetu tukavua saa. Kisha zikaja saa janja: Pebble ilianza kuchangiwa mtandaoni 2012, Apple Watch ikaingia sokoni 2015. Na hapa kuna badiliko kubwa ambalo watu hawalioni. Saa ya stesheni ilikuambia habari za treni. Saa ya mama ilimwambia habari za bosi. Hii mpya inakuambia habari zako mwenyewe: hatua, usingizi, mapigo ya moyo. Kwa hilo naiheshimu. Mkimbiaji anayefanya mazoezi Ngong anajua kasi ya kila kilomita na moyo wake unavyodunda. Huyo asiambiwe amepoteza pesa.

Shida yangu ni hii. Mwaka jana shangazi yangu wa Kajiado, ambaye ana sukari, aliuziwa saa janja ya bei ya chini. Muuzaji alimwambia inapima sukari bila kudunga kidole. Nani angekataa? Akaweka kando mashine yake. Kila akiangalia mkono, namba iko sawa. "Si unaona, niko poa," ananiambia. Siku nilipomwomba adunge kidole, mashine ilionyesha kitu kingine kabisa, na tukaenda hospitali jioni hiyo hiyo.

Februari 2024 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Shangazi hakuwa na habari. Mkoloni akisogeza mshale, ulichelewa treni tu. Saa ikikudanganya kuhusu damu yako, unachelewa kitu kingine.

So, inafaa ama haifai? Kama unakimbia, au unataka kufuatilia usingizi na mazoezi, na una pesa ya kununua ya maana, chukua. Kama unataka kujua wakati tu, saa ya mshale inatosha, na haitaki chaji stima ikipotea. Lakini ya kupimia sukari, hapana. Dunga kidole.

Mimi navaa ile ya mama. Ina raha moja ambayo saa za namba hazina. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, angalia ng'ambo yake: ni 1. Saa moja! Ukiwa kwenye 9, ng'ambo ni 3. Saa tatu! Mama alinifundisha hivyo nikiwa darasa la kwanza, na bado nasoma hivyo.

Wewe mkononi una nini? Na kama kuna mzazi nyumbani mwenye saa ya "kupima sukari", mpigie leo.