Okidi za Chupani na Okidi za Kibira

Wageni wanaofika kwangu Rohero, mtaa wa Bujumbura, wakiiona okidi iliyo barazani huuliza swali moja: humwagiliwa kila siku? Jibu langu huanzia mbali, Uingereza ya karne ya 19, kwa sababu huko maua haya yalikufa kwa wingi kabla watu hawajajua kuyalea.

Matajiri wa huko walishikwa na wazimu wa okidi. Meli zilishusha shehena kutoka Asia na Amerika, na mimea ikafungiwa kwenye nyumba za vioo zenye joto la kukaba roho, bila upepo. Waliamini kila kitokacho nchi za joto hupenda fukuto. Kumbe nyingi zilitoka milimani, kwenye ubaridi na ukungu. Walipofungua madirisha na kupunguza moto, ndipo zikaanza kuishi.

Mtu wa Burundi haoni ajabu hapo. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko mita zipatazo 780 tu juu ya usawa wa bahari, na jasho tunalijua. Ukipanda msitu wa Kibira, kupita mita 2,000, unatafuta koti. Huko okidi zetu za asili hushika magome ya miti, mizizi ikiwa hewani. Msitu huo ulikuwa eneo la mawindo la wafalme, Wabelgiji wakaufanya msitu wa akiba mwaka 1933, na tangu 1980 ni hifadhi ya taifa. Kuibandua okidi kule na kuileta Rohero ni kurudia kosa la zile nyumba za vioo.

Ya kwangu si ya Kibira. Ni Phalaenopsis, jamii yenye asili ya misitu ya joto ya Asia, na imeoteshwa chupani. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula. Porini huota kwa msaada wa kuvu, jambo alilolifumbua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alizichipusha kwenye chupa zenye sukari na madini, pasipo kuvu. Ua la matajiri likaanza njia ya kufika barazani kwa watu kama mimi.

Habari zote hunipa mizizi. Ikiwa ya kijivu kama majivu, ina kiu. Nikiimwagia, rangi ya kijani hupanda mbele ya macho yangu. Ikiwa bado kijani, siigusi. Chungu kina matundu na vipande vya magome, si udongo, maana udongo hushika maji mizizi ikaoza. Jua la asubuhi linaitosha. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa hukauka, namwagilia zaidi.

Tukirudi kwa okidi za msituni, Burundi iliingia mwaka 1988 katika CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya okidi zote. Lakini mlangoni pako hakuna mkataba, upo wewe. Ukiletewa okidi iliyobanduliwa Kibira, usinunue, hata kwa bei ya kutupa.